Neno "pick" si "chagua" kila mahali: mwongozo kamili wa kulitafsiri kwa Kiswahili

Rasimu za tafsiri ninazoletewa kuhariri, ziwe za wanafunzi, za wakalimani au za walimu wa sekondari, hurudia kosa moja: kila palipo na neno la Kiingereza "pick", Kiswahili kimewekwa "chagua". Matokeo yake ni wakulima wanaochagua chai badala ya kuichuma, kondakta anayechagua abiria badala ya kuwapakia, na mtoto anayechagua pua. Kosa hili halitokani na uzembe. Kamusi nyingi za wanafunzi hutanguliza maana ya kuchagua, na mwanafunzi akiishaipata hiyo huona kazi imekwisha.

Mwongozo huu unashughulikia jambo hilo moja tu. Ukiufuata kwa mpangilio wake, utaweza kulitafsiri neno hili katika matini ya kilimo, ya siasa, ya sheria au ya jikoni bila kubahatisha.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Matini kamili, au angalau aya nzima ambamo neno limetumika.
- Kamusi ya Kiingereza yenye sentensi za mifano, kwa kuwa kamusi isiyo na mifano haitakuonyesha neno linaandamana na maneno gani.
- Kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili. Kamusi ya lugha mbili hukupa visawe, lakini mpaka kati ya "kuchuma" na "kuokota" utaupata kwenye fasili ya Kiswahili chenyewe.
- Kamusi moja ya asili ya maneno ya Kiingereza.
- Mtu anayeijua kazi inayozungumzwa: mchumaji, dereva, karani wa mahakama, mama lishe. Kati ya vitu vyote vilivyotajwa hapa, huyu ndiye ninayemthamini zaidi, kwa sababu neno la kazi hukaa kinywani mwa mwenye kazi.
- Daftari la kuandika kila matumizi mapya unayokutana nayo.

## Hatua ya 1: Nakili sentensi nzima na upigie mstari maneno mawili

Usianze na neno "pick" peke yake. Nakili sentensi nzima, kisha upigie mstari kitu kinachotendwa na kijineno chochote kinachofuata kitenzi, kama vile "up", "out", "on" au "at". Maneno hayo mawili ndiyo yatakayokuonyesha njia katika hatua zinazofuata, na ukiyaacha utakuwa unatafsiri neno lisilo na mwili.

Ikiwa umeletewa neno tupu bila sentensi, rudi kwa aliyekuletea umwombe sentensi. Hakuna ustadi unaoweza kuziba pengo hilo.

## Hatua ya 2: Shika picha ya asili, kisha pima neno limefika ngazi gani

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayorahisisha zote zinazofuata.

Neno "pick" limetokana na zaidi ya kijito kimoja. Kulikuwa na neno la Kiingereza cha Kale lililohusu kuchoma kwa ncha. Kulikuwa na "pikka" la Kinorse cha Kale, lugha ya watu wa Skandinavia waliohamia Uingereza. Kulikuwa pia na "piquer" la Kifaransa, lugha iliyotawala katika nyumba za wakubwa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Yote yalihusu kitu chenye ncha na kazi ya ncha hiyo: kuchoma, kudunga, kudonoa. Ndugu zake wa karibu katika Kiingereza bado wana ncha hiyo: "peck" ni kudonoa kama ndege, "pike" ni mkuki mrefu wa askari wa zamani, na "picket" kwa asili ni mambo ya kigingi kilichochongwa.

Kutoka kwenye ncha neno lilipanda. Anayechokoa kwa ncha hutoa kitu kimoja kati ya vingi. Punde kazi hiyo ikafanywa na ncha za vidole. Mwishowe ikafanywa na akili bila mkono kugusa chochote. Kwa hiyo kuna ngazi tatu: ngazi ya ncha, ngazi ya vidole na ngazi ya akili. Maana ya kuchagua imo katika ngazi ya tatu, ilhali Kiswahili kina vitenzi tofauti kwa kila ngazi.

Sasa isome sentensi yako na ujiulize: kinachofanya kazi hapa ni ncha, ni vidole, au ni akili? Andika jibu pembeni.

Tahadhari. Asili hukupa picha, haikupi tafsiri. Tena usidanganywe na sura ya neno. "Pickle", yaani achari, limetokana na neno la Kiholanzi cha Kati lililohusu maji ya chumvi, na "picture" limetokana na kitenzi cha Kilatini cha kuchora kwa rangi. Hayana udugu na "pick". Hata "pickaxe", yaani sululu, linaonekana kama limeunganishwa na shoka, lakini mkia huo wa shoka ni makosa ya masikio: lilitoka katika neno la Kifaransa cha Kale "picois", na Waingereza wakalivuta mpaka likafanana na neno walilolizoea.

## Hatua ya 3: Uliza ni kitu gani kinachotendwa

### Ikiwa ni kazi ya ncha

Meno huchokolewa, na kifaa chake ni kijiti cha kuchokolea meno. Pua huchokonolewa, kidonda pia, na kufuli linalofunguliwa kwa waya bila ufunguo. Ndege anayekula punje moja moja hudonoa, na mtu asiye na hamu ya kula hudonoadonoa chakula chake. Anayetafuta ugomvi huchokoza. Sikiliza jinsi "choko" inavyorudi katika chokoa, chokonoa na chokoza: Kiswahili nacho kimeutia ugomvi katika sauti ile ile ya kijiti kinachochokoa, na kwa sababu hiyo "kumchokoza mtu" ni tafsiri bora ya "to pick a quarrel" kuliko "kuchagua ugomvi", ambayo haisemwi popote.

### Ikiwa ni kazi ya vidole

Hapa ndipo Kiswahili kilipo tajiri kuliko Kiingereza, na ndipo panapotaka subira.

Chai huchumwa. Katika mashamba ya Kericho au Mufindi, mchumaji huchuma majani mawili na kichipukizi chake, na ukimwandikia "achague majani mawili" atadhani umempa mtihani wa kupima ubora. Kahawa iliyoiva huchumwa, mboga huchumwa, maua huchumwa. Karafuu za Pemba huchumwa pia, lakini zikishafika nyumbani huchambuliwa, yaani hutenganishwa na makonyo yake, na hizo ni kazi mbili tofauti.

Pamba inahitaji uangalifu wa pekee. "To pick cotton" ni kuchuma pamba shambani. Kuchambua pamba ni kutenganisha nyuzi na mbegu, kazi ya kiwandani ambayo Kiingereza kina kitenzi chake kingine. Nimeona rasimu iliyowaita wachumaji wa pamba "wachambuaji", na kwa neno hilo moja watu wote wa shambani walikuwa wamehamishiwa kiwandani.

Nazi haichumwi: mkwezi huiangua. Maembe yaliyo juu mtini huanguliwa pia, hasa kwa upembo au kwa kupanda, ingawa lile linalofikiwa kwa mkono laweza kuchumwa. Embe lililokwisha kuanguka huokotwa. Mahindi huvunjwa. Kiingereza huweza kutumia "pick" kwa karibu yote haya, kwa hiyo mtafsiri analazimika kujua tunda lilikuwa wapi mkono ulipolifikia, juu mtini au chini ardhini.

Jikoni, maharage huchambuliwa ili kutoa mawe na takataka, na mchele huchaguliwa kwa maana hiyo hiyo. Hapa "chagua" ni sahihi, tena ni matumizi ya zamani na mazuri: mapishi ya pwani yakisema mchele uchaguliwe na kuoshwa, hayamaanishi uamue aina ya mchele dukani. Kuku hunyonyolewa manyoya. Samaki hutolewa miba.

Mfukoni, mwizi huchomoa au huchopoa. Kamusi zinamwita mchopozi. Mitaani utasikia mtu akilalamika kwamba amechomolewa simu. Yote mawili ni mazuri kuliko "mchagua mifuko", ambalo nimelikuta katika kazi ya mwanafunzi aliyetafsiri "pickpocket" kipande kwa kipande.

Utajua umefaulu pale kitenzi chako cha Kiswahili kitakapomwezesha msomaji kuuona mkono: uko juu, uko chini, unavuta, unadokoa au unatenganisha. Ikiwa mkono hauonekani, bado hujafika.

## Hatua ya 4: Tazama kijineno kinachofuata

Kijineno kidogo hubadili kila kitu, na kosa kubwa ni kukitafsiri peke yake. "Up" hapa mara nyingi haina uhusiano wowote na "juu".

"Pick up" ndiyo inayosumbua zaidi. Kitu kilichoanguka huokotwa. Abiria hupakiwa. Mgeni uwanja wa ndege hupokewa. Rafiki hupitiwa nyumbani kwake, na mtoto hufuatwa au huchukuliwa shuleni. Simu hupokewa, ingawa Kenya wengi huishika. Ugonjwa hupatwa au huambukizwa. Lugha iliyojulikana kwa kusikiliza watu bila kufundishwa huokotwa, na tamathali hii Kiswahili kinaikubali bila taabu. Upepo huzidi, kasi huongezeka, biashara huchangamka. Mazungumzo huendelezwa pale yalipoishia. Na gari lenye sehemu ya wazi nyuma ni pikapu. Neno limekwisha kuwa letu, halihitaji tafsiri.

"Pick out" mara nyingi ni kutambua: shahidi katika gwaride la utambuzi humtambua mtuhumiwa, hamchagui. Tofauti hii ina uzito mahakamani. Kuchagua kunaonyesha hiari ya mwenye kuchagua, ilhali kutambua kunaonyesha kwamba alimwona mtu yule yule hapo awali, na ushahidi wote umesimama juu ya jambo hilo la pili.

"Pick on" ni kuonea au kuandama. "Pick apart" ni kuchambua hoja hadi kuonyesha udhaifu wake. "Pick through" ni kupekua, na kama ni jalalani, kuchakura. "Pick at" umekwisha kuiona: kudonoadonoa.

Kuna pia "cherry-pick", ambayo waandishi wengi huifafanua kwa sentensi ndefu kuhusu kuchagua yale tu yanayompendeza mtu. Mimi hupenda "kudokoa". Kila aliyekulia katika nyumba ya Waswahili anamjua mtoto anayeingia jikoni na kudokoa nyama chunguni akaacha mchuzi. Mwandishi aliyedokoa takwimu zinazomfaa na kuacha nyingine amefanya jambo lile lile, na msomaji ataelewa mara moja.

## Hatua ya 5: Ikiwa ni kuchagua kweli, amua ni kuchagua kwa namna gani

Ukifika hapa, umethibitisha kwamba neno limo katika ngazi ya akili. Bado kazi ipo, kwa sababu Kiswahili hutenganisha wenye mamlaka na wenye kura.

Wapiga kura huchagua. Mwenye mamlaka huteua. Gazeti la Kiingereza linaweza kuandika kwamba Rais "picked" Waziri Mkuu, lakini katika Tanzania Waziri Mkuu huteuliwa na Rais kisha uteuzi huo huthibitishwa na Bunge. Ukiandika "alimchagua", umemfanya msomaji adhani kulikuwa na kura ya Rais peke yake. Kenya nayo, chini ya Katiba ya mwaka 2010, Rais huteua mawaziri kwa idhini ya Bunge la Taifa. Mgombea mwenza huteuliwa. Mbunge wa jimbo huchaguliwa. Kocha anaweza kuchagua au kuteua wachezaji, na magazeti ya michezo hutumia vyote viwili.

Majirani wa "pick" hukutana nawe hapa pia. "Choose" kwa ukoo ni neno la jamii ya lugha za Kigermanik, ambamo Kiingereza chenyewe kimo, na mizizi yake ya mbali imeungana na ile ya Kilatini iliyohusu kuonja. "Elect" na "select" yametokana na kitenzi cha Kilatini "legere", kilichomaanisha kukusanya na baadaye kusoma. "Elect" ni kutoa nje ya kundi, "select" ni kuweka kando. Mwingereza wa leo hahisi tena ulimi wala mkono katika maneno hayo, lakini anahisi uzito wake: "pick" ni la mazungumzo na la haraka, "choose" ni la kawaida, "select" ni la ofisini na "elect" ni la kura. Uzito huo ndio wa kuuhamisha. Tangazo la kiofisi lenye "select" litapendeza kwa "kuteua". Mtoto anayeambiwa "pick one" aambiwe tu "chagua kimoja".

Tahadhari. Mtu ambaye Kiingereza humwita "picky" si mteule wala mteuzi kwa sifa. Ni mtu wa kuchaguachagua, yule anayeonywa na methali kwamba mchagua nazi hupata koroma. Ukimwita "mteuzi", umemsifu badala ya kumsema.

## Hatua ya 6: Kagua nomino na minyambuliko

Ukishapata kitenzi sahihi, usidhani nomino yake itajitokeza yenyewe. Anayechuma chai ni mchumaji, si mchumi, kwa kuwa mchumi ni mtaalamu wa uchumi, ijapokuwa maneno yote mawili yametoka katika kuchuma. Anayechambua karafuu ni mchambuaji, kwani mchambuzi ni yule wa siasa au wa mpira. Anayeishi kwa kukusanya chupa na makopo ni mwokotaji au mwokota taka. Jambo lililochaguliwa ni chaguo. Tendo la kuchagua, na hasa la kupiga kura, ni uchaguzi. Kwa hiyo orodha ya vyakula haina "uchaguzi" bali ina machaguo, na aliyeteuliwa ni mteule.

Kisha tumia kauli ya kutendea, ambayo Kiingereza hakina. "Pick me some mangoes" ni "niangulie maembe". "Pick a name for the baby" ni "mchagulie mtoto jina". Anayeandika "chagua jina kwa ajili ya mtoto" ameacha nyumbani chombo bora cha lugha yake.

## Hatua ya 7: Jaribu kazi yako kwa sikio la mtu mwingine

Msomee tafsiri yule mtu wa kazi niliyemtaja kwenye orodha ya mwanzo, bila kumwonyesha Kiingereza. Usimuulize kama Kiswahili ni sahihi, kwa kuwa watu wengi watakuitikia kwa adabu. Muulize: "Huyu mtu anafanya nini hapa?" Akieleza kwa maneno yake tendo lile lile lililo katika matini ya awali, umefaulu. Akisita, au akiuliza "anachagua kivipi?", rudi Hatua ya 3.

## Mfano wa kazi nzima

Nimetunga aya hii ya Kiingereza ili neno lijirudie kwa makusudi:

"The driver picked us up at one in the afternoon. On the way Mother picked up some tomatoes, and at home she picked over the rice while I picked greens behind the kitchen. My younger brother picked at his food, then picked a quarrel with the man the chairman had picked to lead the team."

Sentensi ya kwanza ina "up" na watu, kwa hiyo ni kupitia au kupakia. Kwa kuwa walikuwa wakimngoja dereva, ninachukua kupitia. Nyanya za njiani zilinunuliwa, na Kiswahili hakihitaji tamathali yoyote hapo. Mchele ni kazi ya vidole jikoni. Mboga zilikuwa bado kwenye mashina yake. Chakula na ugomvi vyote ni vya ncha. La mwisho pekee ndilo la akili, na mwenye kutenda ana mamlaka:

"Dereva alitupitia saa saba mchana. Njiani mama alinunua nyanya, na tulipofika nyumbani akachagua mchele huku mimi nikichuma mboga nyuma ya jiko. Mdogo wangu alidonoadonoa chakula chake, kisha akamchokoza yule bwana ambaye mwenyekiti alikuwa amemteua aongoze timu."

"Pick" imetokea mara saba. "Chagua" imetokea mara moja tu, nayo ni ya mchele.